Mamkubwa, nimpelekee mdogo wangu daftari?

Barua

Shikamoo Mamkubwa,

Mimi ni msomaji wako wa Muleba, nina miaka 28. Baba alifariki 2014 nikiwa kidato cha tatu. Tumezaliwa watano, mimi ndiye kifungua mimba, na kitinda mimba wetu wakati ule alikuwa bado ananyonya. Mama alikuwa mtu wa kifua, leo mzima kesho kitandani, jembe haliwezi. Nikaacha shule. Hakuna aliyeniambia niache. Niliangalia tu nikaona nikirudi bweni pale nyumbani hakuna wa kuwasha moto. Nilianza na karai moja la maandazi, sasa nina banda la chakula stendi: ndizi, wali, maharage, samaki siku wakipatikana. Mama naye tulimzika 2018.

Anayenifuata ni wa kiume. Nimemsomesha mpaka chuo, Dodoma. Mkopo wa serikali alipata nusu, nusu nyingine ilitoka kwenye masufuria yangu. Mwaka juzi ameajiriwa. Mwanzoni alituma hela mara mbili, baada ya hapo kimya. Mara ya mwisho kunipigia ilikuwa Pasaka. Juzi ameweka kwenye stetasi picha ya pikipiki mpya, ina utepe mwekundu kwenye usukani. Siku hiyo hiyo nilikuwa nimepigiwa simu kutoka shuleni kwa mdogo wetu wa nne, yuko kidato cha nne, tunadaiwa hela ya chakula cha bweni.

Mamkubwa, mimi tangu 2014 naandika. Kila nilichotoa kwa ajili ya wadogo zangu kipo kwenye daftari, na tarehe. Viatu, nauli, godoro, hata vocha. Ya huyu wa Dodoma peke yake nimeijumlisha: 6,840,500. Nataka nipige picha kurasa zote nimtumie, aone. Nitakosea?

La pili, bamdogo anasema kibanja cha baba ni cha ukoo na wanawake hawarithi. Ameshaleta mtu wa Kahama, wakakipima kwa hatua mimi nikiwa stendi. Kahawa ya msimu huu nayo ameiuza kwa butura, ingali mbichi mitini. Makaburi ya wazazi wetu yamo humo.

La tatu, kuna fundi seremala wa Geita, ananingoja mwaka wa pili huu. Ni mtu mpole. Ila kitinda mimba wetu yuko darasa la sita na hataki kusikia habari za kuhama.

Ni mimi, Kifungua Mimba, Muleba.

Jibu la Mamkubwa

Marahaba mwanangu. Barua yako ilinikuta naanika maharage, nikaanza kuisoma nimesimama. Nilipofika kwenye daftari nikatafuta pa kukaa.

Na mimi ninalo. Lina jalada la bluu lililobaki nusu, liko ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda pamoja na vyeti vya ubatizo. Wasomaji wangu wa siku nyingi wananijua kwa habari za wakwe na mapishi, hili sijawahi kuwasimulia. Leo nitalisimulia kwa sababu yako, unisikilize hadi mwisho kabla hujagusa hiyo simu.

Mimi ni mtu wa huko huko kwenu, kilima kimoja juu ya bandari ya Kemondo. Baba yangu alikufa 1989, mama 1991. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja. Wagonjwa wa kwanza nchini walikuwa wamegunduliwa mkoani kwetu 1983, na watu wakaupa jina la Juliana, kwa zile nguo za magendo kutoka Uganda zilizokuwa zikipendwa sana enzi hizo. Ukisikia "fulani ana Juliana," ulikuwa unaanza kuhesabu miezi. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilianza kutolewa kwa wananchi wa kawaida 2004. Wazazi wangu walikuwa wameshaota nyasi juu.

Basi nikabaki na miaka 18 na wadogo wanne. Shule niliiachia kidato cha pili. Nilikuwa nakwenda bandarini jioni za meli na birika kubwa la chai, maandazi kwenye beseni, na msimu wa senene nafunga senene wa kukaanga kwenye majani ya migomba. Unga nilichukua mali kauli kwa muuza duka, nikiuza ndiyo nalipa. Kwa hiyo ilibidi niandike. Upande mmoja wa daftari wanaonidai, upande wa pili ninaowadai. Kurasa za katikati nikawapa wadogo zangu: sare, karo, mchango wa dawati, mafuta ya taa ya kusomea. Nilikuwa najiambia naandika ili nisipoteze hesabu. Uongo. Nilikuwa naandika ili siku moja mtu asome.

Sasa kuna ukurasa mmoja nitakueleza kabla ya mengine. Jumatatu jioni, tarehe 20 Mei 1996, MV Bukoba iliingia Kemondo ikitoka Bukoba kwenda Mwanza. Watu walikuwa wengi, mikungu ya ndizi imepangwa gatini kama ukuta. Wachuuzi wa ndizi wote nilikuwa nawajua, walikuwa wanakunywa kwa mkopo na kulipa wakirudi na hela ya Mwanza. Nikaandika majina kumi na moja. Asubuhi ya Jumanne meli ikapinduka karibu kabisa na Mwanza. Wamekufa zaidi ya watu 800, wengi wamezikwa pamoja kule Igoma. Katika majina yangu kumi na moja walirudi wanne.

Nilikwenda kwenye msiba wa mmoja wao, kijiji cha jirani. Mwili haukupatikana, tulilia juu ya shati lake. Ulipofika wakati wake mzee mmoja akasimama, akatangaza kama desturi ilivyo: anayemdai marehemu ajitokeze sasa, na anayedaiwa na marehemu ajitokeze. Daftari nilikuwa nalo kwenye kikapu. Alikuwa anadaiwa shilingi 180. Nilikaa kimya, na hakuna aliyenifundisha kukaa kimya. Mpaka leo yale majina saba sijayapiga mstari, wala sijayahesabu kama hasara.

Unaona kwamba nilikuwa na akili. Miaka minane baadaye ilinitoka.

Mdogo wangu wa pili, wa kiume kama wako, alisoma uhasibu, akapata kazi Mwanza, akaoa. Hela alikuwa anatuma, si nyingi, na hatumi mpaka umkumbushe. Krismasi ya 2004 akaja na mkewe, amevaa saa. Sijui kwa nini ni ile saa. Kwako ni utepe wa pikipiki, kwangu ilikuwa saa. Tukiwa tumekaa kwenye nyasi baada ya kula, yeye anamsimulia mkewe jinsi alivyohangaika kusoma kwa kibatari, nikainuka, nikaenda chumbani nikarudi na daftari. Nikaliweka magotini pake. Nikamwambia, "Msomee na hayo mafuta ya kibatari yalitoka wapi."

Akasoma yote. Alisoma polepole, anafungua ukurasa kwa ukurasa, mkewe anaangalia mikono yake. Alipomaliza akaniuliza, "Dada, jumla ni kiasi gani?" Nikamwambia, 1,312,450. Nilikuwa naijua kwa kichwa, kama unavyoijua yako.

Alilipa, mwanangu. Mwezi wa nne dereva wa basi alinishushia bahasha. Ndani noti zimefungwa kwa mpira, na sarafu nne za mia na moja ya hamsini zimefungiwa kwenye karatasi ili zisipotee. Hadi ile 450. Juu ya bahasha ameandika kwa mwandiko wake mzuri wa kihasibu: "Malipo kamili."

Zile hela nilinunua mabati. Nyumba ya mama ilikuwa inavuja, nikaiezeka yote. Na yeye hakukanyaga pale miaka saba. Alikuja 2011 kwenye msiba wa bibi yetu, akasimama uani, akaangalia juu, akasema, "Yameanza kutu." Nikamjibu ni mvua za huku. Tumepatana, ndiyo. Tunapigiana simu. Lakini nikimpelekea mkungu wa ndizi kwa basi, jioni simu inalia: ametuma hela, bei ya mkungu na nauli ya basi. Nimemwambia mara ngapi aache. Hajaacha. Mtu uliyemfundisha kwamba kwenu kila kitu kinaandikwa, hataki tena kukaa na deni lako hata usiku mmoja.

Kwa hiyo umeuliza kama utakosea. Nikujibu kwa tahadhari, maana siwezi kukuambia kwamba hadaiwi. Ana wajibu, na wewe una haki ya kuudai. Ninachokukataza ni kumpelekea jumla. Akipewa jumla atatafuta namna ya kuimaliza, atakopa hata kazini, na siku akiimaliza atakuwa amemalizana na wewe pia. Au atashindwa, na mtu aliyeshindwa deni unajua anavyokuwa, anabadilisha njia akikuona.

Mpigie simu. Usimwandikie ujumbe, na pikipiki usiitaje, hata kwa utani. Mwambie wa nne anadaiwa kiasi hiki shuleni, mwisho tarehe fulani, mimi natoa hiki, wewe toa hiki kilichobaki. Kitu kimoja, hela inayojulikana, siku inayojulikana. Vijana wengi hawatumi kwa sababu "nyumbani" ni shimo lisilo na kina, hajui akitoa elfu hamsini imeziba wapi. Mwonyeshe inapoziba. Akitoa, mtumie picha ya risiti ya shule. Mwezi mwingine mpe jambo jingine. Akikataa mara tatu kwa maneno yanayoeleweka, hapo utakuwa umejua una ndugu wa namna gani, na bado daftari utakuwa hujalitoa.

Halafu kuna sababu nyingine ya kutomtumia zile picha sasa hivi, na hii hukuiona kwa hasira. Huyo mdogo wako unamhitaji kwenye kibanja.

Sasa tuje huko, na hapa uwe mkali. Bamdogo wako anauza kitu ambacho si chake. Kwa ninavyokusoma, mirathi ya baba haijawahi kufunguliwa, wala ya mama. Maana yake hakuna mtu yeyote, uwe wewe au yeye, mwenye mamlaka ya kuuza hata mgomba mmoja. Mtu wa Kahama akinunua kwake amenunua maneno.

Leo hii, kabla ya kesho, nenda kwa mtendaji wa kijiji. Ardhi ya kimila haihamishwi hivi hivi bila halmashauri ya kijiji kujua. Peleka barua inayosema kibanja ni mali ya marehemu, warithi ni watoto watano, mirathi haijafunguliwa, msipitishe mauzo. Andika nakala mbili, yako igongwe muhuri urudi nayo. Mtendaji akisema haina haja ya muhuri, kaa hapo hapo kwenye benchi mpaka haja ipatikane.

Kisha tafuta vyeti vya vifo vya wazazi wote wawili. Kama mlikuwa hamjavichukua, anzia ofisi ya mkuu wa wilaya, huko ndiko wanakoshughulikia za RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Itisha kikao cha familia mchague msimamizi wa mirathi, muandike muhtasari, wote wasaini. Mdogo wako wa Dodoma ni mtoto wa kiume mtu mzima na ana kazi. Akikaa upande wako kwenye kikao hicho, ile hadithi ya "wanawake hawarithi" bamdogo ataimalizia mdomoni. Ndiyo nikasema, usimchokoze. Mpigie kwa habari ya kibanja kwanza, umuulize anakuja lini.

Muhtasari upelekwe Mahakama ya Mwanzo, mjaze Fomu Namba I. Mahakama itatangaza, mwenye pingamizi apinge, na mkipita msimamizi atapewa Fomu Namba IV, ile ya uteuzi. Akishapewa ana miezi minne kupeleka orodha ya mali na madeni kwenye Fomu Namba V, na baadaye hesabu za ugawaji kwenye Fomu Namba VI. Ndugu wakigoma kukaa kikao, usirudi nyumbani kulia. Nenda hivyo hivyo ukamweleze karani wa mahakama. Na ukisikia bamdogo amekutangulia kufungua, weka pingamizi mara moja. Wasaidizi wa kisheria wapo siku hizi, sheria ya mwaka 2017 imewatambua na msaada wao haulipiwi. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapo wilayani.

Kuhusu hilo la mwanamke na ardhi ya ukoo, bamdogo hajalitunga, tumpe haki yake. Kanuni za mila zilizoandikwa 1963 zilisema hivyo: mwanamke ale matunda ya ardhi ya ukoo, kuuza asiuze. Lakini mtu wa Muleba hapaswi kuwa wa mwisho kupata habari. Mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza 1988 kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake akamshitaki Mahakama ya Mwanzo ya Muhutwe, na mama akashindwa. Akakata rufaa wilayani, akashinda. Ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema haki ya mwanamke juu ya ardhi hiyo ni sawa na ya mwanamume, mila inayombagua inakwenda kinyume na Katiba. Miaka tisa baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikaandika kabisa kwamba mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Mahakama hiyo ya Muhutwe si mbali na stendi yako. Mkumbushe bamdogo kwa adabu, umsalimie kwanza.

Kahawa ya butura usiiache ipite. Butura imekatazwa siku nyingi na kila msimu viongozi wanaikemea, ila inaendelea kwa sababu wenye shida hawaishi. Jua ni nani aliyenunua na kwa bei gani, mwambie mbele ya mtu wa tatu kwamba aliyemuuzia si mwenye mali.

Na hapa ndipo lile daftari lako litoke sandukuni. Lipitie upya kwa kalamu ya rangi nyingine. Zungushia kila kilichotumika kwenye kibanja: palizi, matandazo, miche ya kahawa, kibarua wa kukata migomba yenye mnyauko. Zungushia matibabu ya mama, jeneza, saruji ya kaburi. Gharama za mazishi ulizolipa wewe zinaingia kwenye hesabu za mirathi, ziandike na utafute risiti. Mwenye kuandika tarehe kwa miaka kumi na zaidi, hakimu atamsikiliza. Kurasa za viatu na vocha za mdogo wako zibane kwa pini.

Bado kuna seremala. Sitasema mengi kwa sababu simjui, na nimechoka na wanawake wanaoniomba niwapimie wanaume kwa barua. Mtu aliyengoja miaka miwili bila kukuwekea siku ya mwisho ana alama zake nzuri. Lakini usihame wilaya kabla Fomu Namba IV haijatoka, ukihama leo utarudi ukute boma la mtu wa Kahama juu ya makaburi. Na kitinda mimba ana mtihani wa darasa la saba mwakani. Usimhamishe shule sasa. Mwulize pia anaogopa nini hasa, maana watoto wa hivyo mara nyingi hawaogopi kuhama. Wameshazika wawili, wanaogopa kwamba wewe ndiye unayehama. Mwambie kwa mdomo wako kwamba popote utakapokwenda godoro lake litakwenda.

Fundi naye mwambie ukweli wote, kibanja, kesi, mtoto. Na kwa kuwa ni seremala, aje Jumamosi moja akutengenezee lango la kuingilia kibanjani, lenye kufuli. Wewe mlipe mbao, ufundi asikudai.

Uniandikie mkishakaa kikao.

Mamkubwa